Upande Usiosikia

...basi pua ingoje, iwashe inavyotaka, kwa sababu akiinua mkono kiti cha plastiki kitalia, na kiti kikilia kitaingia ndani ya wimbo, na wimbo huu hauna mara ya pili, Velma alishasema pale mlangoni hata viatu hajavua, aki Edith, mara moja tu, nikijisikia tena kama bati usiwahi kuniita kwa mambo ya kuimba, Edith akakubali yaishe, Velma akavua viatu, akaomba maji, akanywa gilasi yote bila kupumzika, na sasa huyo, amesimama kwenye alama ya plasta nyeupe aliyobandikiwa sakafuni, mikono nyuma, kitambaa cha kanisani bado kimezunguka shingo kikificha kovu, na Mutai ameketi ukingoni mwa kitanda na gitaa lake, wanatazamana, na kati yao, juu ya stendi, maiki, hii maiki ya utepe ya bei rahisi ambayo Edith ameitukana, ameililia, ameizika na kuifufua, na taa nyekundu inawaka, inarekodi, asante Yesu inarekodi, gitaa limeanza, polepole Mutai, usikimbie kama unayempeleka mdosi eapoti, hivyo, hivyo hivyo... Ijumaa, saa nane na dakika arubaini, ibada ya kanisani kule Mesaimeer ilikwisha zamani, jirani wa ng'ambo ameombwa kwa heshima zote asitwange kitunguu saumu kwa robo saa, adhana ya alasiri italia baada ya dakika ishirini na tano na msikiti uko nyuma ya ukuta huu huu, na Edith hana ugomvi na adhana, ndiyo saa yake ya kuamkia akitoka zamu ya usiku kwenye wodi ya watoto njiti, lakini wimbo ni dakika nne, nafasi ipo, kama Velma hatakohoa, kama Velma hatakimbia, kama kiyoyozi... ah, kiyoyozi! kinanguruma pale dirishani tangu asubuhi, Agosti ya Doha hukizimi, ukikizima kwa dakika kumi nyuzi za gitaa zinalegea na mwimbaji anayeyuka, na mwaka jana ule mngurumo uliingia kwenye kila kitu alichorekodi Edith katika mtaa huu wa Najma, lakini hebu sikiliza sasa, ndani ya hedifoni, kiko wapi? Hakipo. Kipo chumbani, hakipo maikini, kwa sababu maiki ya utepe husikia mbele na husikia mgongoni, na mbavuni ni kiziwi kabisa, kiziwi wa kuzaliwa, na Edith ameigeuza ubavu ukatazama dirisha, Velma upande wa mbele, Mutai upande wa mgongo, kiyoyozi kinapiga kelele kwenye sikio lisilokuwepo, nguruma baba, nguruma mpaka uchoke.

"Ulinikuta mlangoni," Velma ameanza, ameanza! chini, karibu kuongea, "sikuwa na la kusema..." na masikioni mwa Edith sauti inaingia nene, ya karibu, inatua, hainyanyuki na kumchoma kama ile siku, Mungu wangu ile siku, mbona inakuja sasa, ondoka, haiondoki, mwaka jana mwezi wa kumi, humu humu chumbani, Velma ametoka nyumbani Kenya kupasuliwa rovu shingoni, daktari ameshamweleza kwamba mshipa wa sauti umeguswa, hutokea, hakuna wa kulaumiwa, sauti huenda ikarudi huenda isirudi, na kwaya nzima imebanana hapa, kumi na mmoja kwenye kitanda na sakafu, na Edith na kiherehere chake, nani alimtuma? anataka kumtia moyo rafiki yake, amemrekodi jana yake kwa ile maiki kali ya kwanza, ile inayosikia hata mate yakimezwa, na badala ya kuisikiliza peke yake, badala ya kuwa na adabu, akaiunganisha na spika kubwa, akasema jamani sikizeni Velma amerudi, akabonyeza. Na ikatoka sauti ya kijiko kwenye sufuria. Pale juu, kwenye "hukuuliza", pale ambapo zamani Velma alipanda kama mtu anayepanda ngazi za kwao, ikapasuka vipande viwili, na ile maiki kali ikavichukua vyote viwili ikavisugua kwa msasa, na kiyoyozi kikanguruma nyuma yake, na Tony, Tony mwalimu wa kwaya, mtu mpole, mtu asiyesema baya, akafunga Biblia yake akasema, "Tumshukuru Mungu kwa uzima." Basi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema neno bovu, wakashukuru kwa uzima, wakanywa chai, na Velma akamtazama Edith, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira, alimtazama kama mgonjwa anavyomtazama nesi anapotoka na karatasi ya majibu, na Ijumaa iliyofuata alipoulizwa mbona haji mazoezini akajibu, "Mimi siku hizi ni wa viti," na kweli, akawa wa viti, anafika Mesaimeer kabla ya watu, anapanga viti mistari mistari, anavifuta vumbi, na kwaya ikiimba yeye anasimama nyuma kabisa na kinywa kimefungwa, na Edith katika sauti ya pili anakiona kile kinywa kutoka mbele, Ijumaa baada ya Ijumaa, na kila akikiona anasema moyoni, ni mimi, mimi ndiye niliyekifunga, si kisu cha daktari.

"...hukuuliza nilikuwa wapi, ukanifungulia tu," ubeti wa kwanza umekwisha, salama, salama, Mutai anapitisha vidole, na Mutai huyu! angalia alivyotulia, utadhani si yeye, utadhani si mkono wa Mutai uliomuua huyu mnyama siku ya kwanza tu, mwezi wa tano, maiki imetoka kwenye boksi lake, bado inanuka sponji, Edith ameieleza kwa unyenyekevu, Mutai, ndani humu kuna utepe wa alumini mwembamba kuliko unywele, umening'inia kati ya sumaku mbili, sauti ikipita unatikisika, ndiyo maana sauti yake ni laini, ndiyo maana haichomi, nimeinunua kwa ajili ya Velma, na Mutai akaitikia ndiyo sista, ndiyo, nimeelewa sista, akasogea, akaishika stendi kwa mikono miwili kama anavyoishika kila Ijumaa, maana ni yeye hufunga vyombo vya fellowship, ni yeye hujaribu maiki kabla ya mhubiri, akaleta mdomo akafanya kile ambacho kila muumini wa Kenya hufanya akipewa maiki, Mkatoliki, Mpentekoste, hata chifu barazani, fuu! fuu! haloo, haloo, akamalizia kwa kugonga na ukucha, tak tak, na ndani ya hedifoni Edith akasikia kitu kama karatasi kuchanika mbali sana, kisha kimya. "Imelala?" Mutai akauliza. Imelala! Edith alimfukuza, ndiyo, alimwambia toka, mtu mzima, dereva wa basi la wafanyakazi, akatoka mgongo umepinda, na fundi wa vifaa alipoifungua akaona utepe umekatika katikati unaning'inia kama uzi wa shanga akasema khalas madam, hii tupa, nunua nyingine, na Edith akaiweka chini ya kitanda kwenye boksi lake, maiti ndani ya sanduku, akasema Bwana ametoa Bwana ametwaa.

Lakini Mutai! wiki tatu, mlango unabishwa, yuko pale na kijitabu kidogo kifuani kama aliyebeba yai, kurasa za rangi ya fedha, nyembamba hata ukizitazama zinajikunja, "Sista Edith, ni ya wale majamaa wa jipsamu nawapeleka kazini Muaither, wanaibandika kwenye nakshi za dari za majlisi, zile sebule za wageni za Waarabu, wanaita fedha lakini wameniambia si fedha, ni alumini, nikakumbuka... sijui kama inaweza kusaidia," na hakuingia, alisimama nje, na Edith akasoma mtandaoni usiku kucha, akang'oa gia mbili za plastiki kwenye gari bovu la kuchezea, akapitisha kati yake kipande chembamba cha ule ukurasa kikatoka na makunyanzi madogo madogo kama inavyotakiwa, akazima kiyoyozi, jasho likamtiririka mpaka kwenye viwiko, akavaa maski ya hospitali ili pumzi yake mwenyewe isikipeperushe, akachukua koleo ya chuma, ile ndogo ya nyusi, na sumaku zikainyakua koleo, tap! utepe wa kwanza ukawa majivu, wa pili pia, wa tano pia, akalia, akajiita mjinga, kisha saa kumi za asubuhi akakumbuka seti za kufungia kidonda, zile huja na koleo za plastiki ambazo hutupwa baada ya mgonjwa mmoja, sumaku haina habari na plastiki, na mikono hii, mikono hii hupata mshipa kwenye kiganja cha mtoto wa gramu mia tisa, mshipa usioonekana, hupata kwa mara ya kwanza wakati wengine wameshatoboa mara tatu, mikono hii ishindwe na karatasi ya dari? Utepe wa tisa ukakaa. Haukugusa kushoto haukugusa kulia. Akafunga skrubu, akafunika kile kitufe cha kupeleka umeme maikini, umeme unaoua utepe, kwenye kisanduku cha kurekodia kwa plasta mbili asije mtu akakibonyeza akaufanya mzoga tena, akasema "moja, mbili" kwa pembeni, kwa adabu, na masikioni ikaja sauti yake mwenyewe, ndogo, inanong'ona, maana maiki hizi husema kwa kunong'ona lazima uziongezee nguvu, akaongeza, akaongeza, na ilikuwa ya joto, jamani, ilikuwa ya mtu. Alipiga kelele peke yake chumbani alfajiri. Alimpigia Mutai saa hiyo hiyo na Mutai akapokea akidhani kuna msiba.

"Nilileta kilichobaki," ubeti wa pili, "si kile nilichoondoka nacho," na Velma amefumba macho, na sasa panakuja pale juu, panakuja, Edith anajua panapokuja kwa sababu vidole vyake mwenyewe vya miguu vimekunjamana ndani ya soksi, na anautazama mguu wa Velma, si uso, mguu, kwa sababu mchana huu wakijaribu kabla ya kurekodi, alipomweleza habari ya mbavu zisizosikia, Velma alicheka kidogo bila sauti akasema, "Kwa hivyo nikisimama hapa hivi, hunisikii?" akajisogeza kuelekea dirishani, akaimba neno, na kweli masikioni mwa Edith sauti ikazama, ikabaki ya kuta tu, na Edith akasema huoni maajabu, akaona ni mchezo, hakuona kitu... na walipojaribu wimbo wote, pale juu, kwenye "hukuuliza" ya pili, mguu wa kulia wa Velma ukatoka kwenye plasta, hatua moja, laini, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye ngazi, akaiimba ile noti ubavuni, kwenye ukiziwi, akarudi, na hakusema, na Edith hakusema, na sasa hivi, sasa hivi, "huku...", mguu umetoka. Umetoka tena. Ile noti imeimbwa dirishani, ndani ya hedifoni kimebaki kivuli chake, na Velma amerudi kwenye alama, macho bado yamefumbwa, anaendelea, "ukanifungulia tu."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Amemtafutia mahali pa kujificha. Miezi yote hii, koleo, gia, maski, ili kumpa rafiki yake kona ambayo haisikiki, viti vya Mesaimeer na ubavu wa maiki vina tofauti gani... na wimbo utatoka safi, Tony ataukubali, watu watasema Velma amerudi, na pale juu patakuwa na shimo dogo ambalo hakuna atakayeliona isipokuwa wao wawili, na si ndicho ulichotaka, Edith? sema ukweli, uko peke yako humu kichwani, ulinunua maiki laini ili isilete ule mpasuko, ulitaka sauti ya zamani irudi ili wewe usiwe umefanya kosa, ndiyo, sema, si kwa ajili ya Velma, kwa ajili ya Edith, ili Edith alale. Aibu iliyoje. Na kidole kiko juu ya kitufe, angeweza kusimamisha, angeweza kumwambia dada rudi kwenye alama, simama, imba, lakini akisimamisha ndiyo mwisho, mara moja tu alisema, na akinyamaza... Mutai anapitisha vidole tena, anamtazama Edith kwa chini ya nyusi, ameona naye, hata Mutai ameona, na hakuna la kufanya, nesi hujua saa hii pia, saa ambayo umeshafanya yako yote na mtoto mwenyewe ndiye wa kuvuta pumzi au kutoivuta, unasimama kando na mikono mitupu, unangoja, vuta mama, vuta.

"Na wewe hukuhesabu siku," ubeti wa tatu, wa mwisho, mzito zaidi, Velma aliuandika wodini juu ya karatasi ya dawa wakati hawezi kutoa hata sauti ya kuomba maji, "ulisogeza tu kikombe," na panakuja, kisigino kimeinuka kwenye plasta, Edith anakiona, kimeinuka, kinaning'inia, na Velma amefumbua macho, anaitazama maiki kama mtu anayemtazama mtu, na kisigino... kimeshuka. Pale pale. Mguu wote sakafuni, na wa pili pembeni yake, na ameinua kidevu na kitambaa kimeteleza na kovu liko nje, "hukuu-LI-za!" na imepasuka, ndiyo imepasuka, imepasuka vipande viwili vile vile vya mwaka jana, mbele kabisa, mdomoni mwa maiki, na Edith ameng'ata mdomo akingoja bati, anangoja kijiko na sufuria, na bati halikuja! Kimekuja kitu kingine, kimoja kizito chini na kimoja chembamba juu yake, vinakwenda pamoja, kama mbao inapopasuliwa na harufu yake inatoka, ni Velma, ni Velma wa sasa, si wa zamani, wa zamani hakuwa na kile cha chini, wa zamani alipanda tu, huyu amebeba kitu akipanda, na utepe wa dari ya majlisi umetikisika ukavipokea vyote viwili bila kumsugua mtu, na machozi yanamtoka Edith na pua inatiririka na hajali, eti maiki ya bei rahisi! mchagua jembe si mkulima, lo, njooni muone jembe, njoo Tony na shukrani zako za uzima, au usije, usije kabisa, nani anakuhitaji hapa, nani anahitaji kuulizwa... na ile hatia aliyoibeba mwaka mzima Edith anaitafuta mahali ilipokaa, chini ya mbavu, haipo, labda atamwomba Velma msamaha kwa mdomo wake baada ya hapa, atamwomba, ni lazima, lakini si ili alale, ni kwa sababu ni haki yake, na Velma anaweza kukataa na wimbo huu utabaki vile vile, wa Velma.

"...ukanifungulia tu," na wimbo umekwisha, karatasi imekwisha, Mutai anaufunga kwa ule uzi wake wa chini, anaulaza vizuri, na Velma hataki! Velma amevuta pumzi, amerudi kwenye kiitikio kama afanyavyo mtu kanisani wimbo ukimshika na mwongozaji akabaki na vitabu mkononi, "hukuuliza, hukuuliza," na Mutai hakutarajia, vidole vyake vimetua pasipo pake, uzi umelia vibaya, ngwee, mbele ya maiki, na Velma amecheka, kicheko cha sauti, cha tumboni, katikati ya neno, cha kwanza tangu apasuliwe, kimekwaruza na kukatika na kuendelea, vyote vimeingia, ngwee na kicheko, na Edith anaona Mutai amegeuza macho kwake, anauliza kwa nyusi, sista, tuanze upya? na Edith anamtazama Velma, maana mwaka mzima Velma baada ya kila neno humtafuta Edith kwa macho, ilikuwaje, ilikuwa mbaya, niambie, na sasa kicheko kingali kooni na ameshakipandia juu yake, anapanda, "hukuuliza," miguu yote miwili kwenye plasta, na upande wa Edith hajageuka hata kidogo, anaimba.